Jina Linapong'atuka: Maonyo katika Maktaba Sanifu za Lugha za Kompyuta na Deni la Kiswahili Sanifu

1.0 Utangulizi

Mhadhara huu unahusu jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza si la wanaisimu. Ni ile desturi ya lugha za kompyuta ya kumwonya mwandishi kwamba jina analolitumia, ijapokuwa bado linafanya kazi, halipendekezwi tena, na kwamba liko jina jingine la kutumia badala yake. Wataalamu wa kompyuta wanaifahamu desturi hiyo kama kero ya kila siku: mistari michache inayojitokeza kwenye kioo, husomwa haraka, kisha husahauliwa. Mimi nimeitazama kwa jicho la mtu aliyeshughulika na kamusi sehemu kubwa ya maisha yake, na nimeona ndani yake taasisi ambayo Kiswahili Sanifu, kwa zaidi ya miaka tisini ya kuwapo kwake, hakijaijenga ipasavyo.

Hatuna budi kuanza na maana ya maneno. Kila lugha ya kompyuta inayotumika kwa upana huja na kile kinachoitwa maktaba sanifu. Hii si maktaba ya vitabu. Ni ghala la vyombo vilivyokwisha kutengenezwa na kupewa majina: chombo cha kusoma tarehe, cha kupanga orodha, cha kutuma barua pepe, cha kukokotoa kipeo cha pili. Mwandishi wa programu havitengenezi upya. Hutaja jina, na chombo kikamjia. Neno sanifu ni lile lile tunalolitumia kwa lugha yetu, na sadfa hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana. Mtoto wa kijijini wilayani Bariadi, Itilima au Meatu, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kisukuma, hakipokei Kiswahili Sanifu kutoka kwa bibi yake. Hukichukua kitabuni, jina baada ya jina, na hukiamini kitabu kama mwandishi wa programu anavyoiamini maktaba yake. Jina likibadilika bila yeye kuambiwa, hana bibi wa kumuuliza.

Kiingereza kimeipa desturi hii jina lenye asili ya Kilatini, kitenzi deprecari, ambacho maana yake ya kwanza ni kusali ili kuepusha baya. Kwa hiyo katika mzizi wake onyo la maktaba sanifu ni aina ya dua: mola apishie mbali jina hili. Kwa Kiswahili tumekuwa tukihangaika. "Kupitwa na wakati" hakufai, kwa sababu chombo kinaweza kuonywa kikiwa bado kichanga. "Kufutwa" ni uongo, maana jina bado lipo. "Kutopendekezwa" ni sahihi lakini ni kuzito mdomoni, na hakusemi lolote juu ya mrithi. Ninapendekeza kitenzi tulichopewa na majirani wa Simiyu upande wa kaskazini, yaani Wazanaki wa mkoa wa Mara: kung'atuka. Mwalimu Nyerere alipolisambaza neno hilo nchini kote mwaka 1985 alikuwa akiacha urais. Uenyekiti wa chama aliendelea nao hadi mwaka 1990, na ushauri wake uliendelea kutafutwa baada ya hapo. Aliyeng'atuka yupo, ana anwani, na ukimwita anaitika. Ila mamlaka yamehamia kwa mwingine ambaye jina lake linajulikana. Sijapata kuona ufafanuzi bora wa hali ya chombo kilichowekewa onyo. Katika mhadhara huu, basi, nitasema jina limeng'atuka, wasimamizi wamelingʼatua, na tangazo lao nitaliita onyo la kung'atuka.

2.0 Jinsi onyo lilivyozaliwa

Lugha za kwanza za kompyuta hazikuwa na adabu hii. Zilikuwa na matoleo, na kila toleo jipya lilijitangaza lenyewe. Mabadiliko yalikuja pale wasimamizi walipotambua kwamba programu zilizoandikwa kwa matoleo ya zamani zilikuwa zinaendesha mabenki, mishahara na vipimo vya kisayansi, na kwamba wenye programu hizo hawangekubali kuamka asubuhi moja na kukuta amri waliyoizoea haipo. Sanifu ya COBOL ya mwaka 1985 ilitenga kundi la vipengele vilivyochakaa, ambavyo vingeondolewa katika sanifu itakayofuata. Fortran 90, iliyochapishwa mwaka 1991, iliweka orodha mbili: ya vinavyochakaa na ya vilivyofutwa. Orodha ya pili ilikuwa tupu. Kaburi lilichimbwa, akakosekana wa kuzikwa. Ilipofika Fortran 95 ndipo wachache walipoingizwa humo, mmojawapo akiwa amri ya PAUSE. Hata hivyo watengenezaji wengi wa programu zinazosoma Fortran waliendelea kuzipokea amri zilizofutwa, kwa kuwa wateja wao walikuwa nazo.

Orodha hizo zilikuwa za vitabuni. Mwandishi ambaye hakununua kitabu cha sanifu hakujua lolote. Hatua kubwa, na kwa maoni yangu ndiyo hatua ya kiisimu hasa, ni pale onyo lilipoacha kukaa kitabuni likahamia kwenye jina lenyewe. Lugha ya Java ilitoka mwaka 1996. Mwaka uliofuata, katika toleo la 1.1, wasimamizi wake waliweka alama maalumu ambayo iliweza kubandikwa juu ya chombo chochote cha maktaba sanifu. Mwandishi akikitaja chombo hicho, programu inayotafsiri maandishi yake kuwa maagizo ya mashine humwambia papo hapo kwamba ametaja jina lililong'atuka. Hakuhitaji tena kununua kitabu, wala kusubiri warsha. Onyo lilimfuata alipokuwa ameketi, mkono ukiwa bado kwenye neno.

Mfano wa mwanzo unastahili kutazamwa kwa karibu. Java ilikuwa na chombo kilichoitwa getYear, cha kutaja mwaka wa tarehe fulani. Chombo hicho hakikutaja mwaka kama watu wanavyoutaja. Kilitoa 1900 kwanza. Mwaka 1997 ulikuwa 97, na mwaka 2000 ungekuwa 100. Kasoro hiyo iligunduliwa mapema, na katika toleo lile lile la 1997 getYear iling'atuliwa na mrithi wake akatajwa. Walioendelea na mazoea ya namna hiyo, katika lugha mbalimbali, waliumbuka Januari 2000 pale baadhi ya tovuti duniani zilipotangaza kwamba tumeingia mwaka 19100. Lakini jambo la kushangaza zaidi ni hili: getYear bado ipo. Karibu miaka thelathini imepita, mrithi wake wa kwanza naye amepata mrithi katika toleo la 8 la mwaka 2014, na mzee bado anaitika akiitwa, huku akikohoa kidogo.

Uvumilivu huo ulikuwa na gharama. Kwa kuwa hakuna kilichoondolewa, waandishi waliacha kuamini maonyo. Neno moja lilikuwa linabeba maana mbili, yaani "afadhali usitumie" na "hili litaondoka", na msikilizaji aliyesikia yote mawili kwa sauti moja alichagua ile iliyomfaa. Mwaka 2017, katika toleo la 9, wasimamizi wa Java walilazimika kutenganisha maana hizo: tangu hapo onyo linaweza kutaja toleo ambalo jina lilianza kung'atuka, na linaweza kusema wazi kama jina hilo litaondolewa au la. Mwanaisimu atakumbuka jinsi vitenzi visaidizi vinavyogawana kazi kadiri lugha inavyopevuka. Hapa kazi hiyo ilifanywa na kamati, kwa makusudi, baada ya miaka ishirini.

Lugha ya Python ilipita njia nyingine, nayo inatufundisha zaidi. Mfumo wake wa maonyo uliingia mwaka 2001 katika toleo la 2.1, kwa pendekezo la mwanzilishi wake, Guido van Rossum. Kwa karibu miaka kumi maonyo ya kung'atuka yalionekana kwa kila mtu aliyeendesha programu. Ndipo yakaja malalamiko yenye haki: karani anayetumia programu aliyoandikiwa na mwingine huona maonyo asiyoyaelewa na asiyoweza kuyafanyia lolote. Katika matoleo ya 2010 na 2011, yaani 2.7 na 3.2, iliamuliwa maonyo hayo yanyamazishwe isipokuwa mtu akiyataka. Karani akapumua. Lakini mwandishi naye akaacha kuyasikia, na majina yakaanza kuondoka bila wengi kujua kwamba yalikuwa yameonywa. Mwaka 2018, katika toleo la 3.7, lilipatikana suluhu la katikati: onyo husikika kwa maandishi ambayo mtumiaji anayaendesha moja kwa moja kama programu yake kuu, na hunyamaza kwa yale aliyoyaazima. Swali lililokuwa likijibiwa katika miaka hiyo yote halikuwa la kiufundi. Lilikuwa: nani asikie?

Na tofauti na Java ya miaka ile ya kwanza, Python huondoa. Toleo la 3.13 la Oktoba 2024 liliondoa moduli 19 za maktaba sanifu kwa mkupuo, miongoni mwao cgi, ambayo kizazi kizima kiliandikia kurasa zake za kwanza za tovuti. Moduli hiyo ilikuwa imewekewa onyo tangu toleo la 3.11 la mwaka 2022. Miaka miwili ni mingi kwa kampuni yenye wahandisi. Kwa mtu anayejifunza peke yake kwa kitabu kilichochapishwa mwaka 2009, ni sawa na kutoonywa kabisa, maana kitabu hakiwezi kukohoa.

Kuna hata hivyo tendo moja la ukarimu ambalo ningependa liingie katika historia hii. Python 3 ilipotoka Desemba 2008 ilibadili namna ya kuandika print, amri ya kwanza ambayo kila mwanafunzi hujifunza: sasa lazima iandikwe na mabano. Umbo la zamani halikubaliki tena. Lakini mwanafunzi akiliandika, lugha haimwambii tu kwamba amekosea. Katika matoleo ya baadaye humwambia kwamba mabano yamekosekana na humwuliza kama alikusudia umbo jipya. Jina limezikwa, lakini lugha inamkumbuka marehemu na kuwaonyesha wageni nyumba ya mrithi.

3.0 Jina lile lile, maana nyingine

Kuondoa jina kuna ubaya wake, ila ubaya huo hujionyesha: programu husimama, mwandishi hujua. Kubaya zaidi ni kulibakiza jina na kulibadilisha maana. Katika Python 2, ukigawa 7 kwa 2 unapata 3; katika Python 3 unapata 3.5. Alama ni ile ile ya mkwaju. Wasimamizi waliliogopa sana badiliko hilo, na kwa hiyo tangu toleo la 2.2 la mwaka 2001, miaka saba kabla ya Python 3, walimruhusu mwandishi kuweka juu ya ukurasa wake tamko kwamba anaiazima maana mpya "kutoka wakati ujao". Ndivyo linavyosema tamko lenyewe, na sioni haya kulionea wivu.

Sasa tuje kwetu. Tuchukue neno jimbo. Katika nyaraka za Kiswahili za enzi ya Waingereza, jimbo ni eneo kubwa la utawala lenye wilaya nyingi ndani yake. Maswa, ambayo ndani yake zilikuwamo Ntuzu, Itilima, Kanadi na nchi nyingine za watemi, ilikuwa wilaya ya Jimbo la Ziwa. Baada ya uhuru eneo la namna hiyo liligawanywa na vipande vyake vikaitwa mikoa, na neno jimbo likashuka cheo: leo ni eneo la uchaguzi la mbunge mmoja, sehemu ya wilaya au wilaya nzima. Mwanafunzi wa historia anayesoma leo barua ya mwaka 1950 inayotaja "mambo ya jimbo" hapati onyo lolote. Sentensi inasomeka vizuri, sarufi haina dosari, na anachokielewa si kilichoandikwa. Hivyo ndivyo kosa la mkwaju linavyofanya kazi.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Mwezi Machi mwaka 2012 Mkoa wa Simiyu ulianzishwa, pamoja na Geita, Katavi na Njombe. Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Shinyanga. Busega ilitoka Magu, mkoani Mwanza. Itilima ilimegwa Bariadi. Katika orodha ya kimataifa ya alama za mikoa, ambayo imo ndani ya programu nyingi za kompyuta, Simiyu ilipata alama mpya TZ-30. Jambo hilo halina tatizo: jina jipya, kitu kipya. Tatizo liko kwa TZ-22, alama ya Shinyanga. Alama hiyo haikubadilika hata herufi moja, bali kitu inachokitaja kilipungua karibu nusu. Katika sensa ya mwaka 2002 Shinyanga ilikuwa na watu zaidi ya milioni 2.8, katika sensa ya 2012 ilikuwa na takribani milioni 1.5. Mtu anayepanga jedwali kwa kufuata alama atadhani baa kubwa limepita Usukumani. Hakuna baa. Watu wako pale pale walipokuwa, wanapalilia pamba. Ni jina lililowaacha.

Linganisha na namna orodha ya kimataifa ya majira ya saa ilivyoitendea Dar es Salaam. Wasimamizi wake waliamua, katika miaka ya 2010, kwamba miji ambayo saa zake zimekubaliana tangu mwaka 1970 haihitaji kumbukumbu mbalimbali, na Dar es Salaam ikawekwa chini ya Nairobi. Mtanzania anaweza kununa, na mimi nilinuna kidogo. Lakini jina la Dar es Salaam halikuondolewa: linaendelea kufanya kazi, na kila anayelitaja hufikishwa mahali sahihi. Faili linalohifadhi majina ya aina hiyo limejaa miji ya dunia nzima. Ni baraza la wazee waliong'atuka.

Neno ikulu limepita njia iliyo kinyume na ya jimbo. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi ni makao ya mtemi. Vyeo vya watemi vilifutwa kisheria mwaka 1963, na neno la makao yao likapandishwa kuwa jina la makao ya mkuu wa nchi. Mzee wa Bariadi aliyekua kabla ya mwaka huo anaposikia redio ikitaja Ikulu analo neno moja lenye nyumba mbili ndani yake. Sisemi kwamba jambo hilo ni baya. Lugha yetu ya taifa imetajirika kwa mikopo ya namna hii. Ninachosema ni kwamba kamusi zinazoandika maana mpya peke yake humfanyia mzee huyo kile ambacho Python 2.2 ilijizuia kumfanyia mwandishi wake.

4.0 Kiswahili Sanifu kama maktaba yenye matoleo

Mtu ataniambia kwamba ninalinganisha mambo yasiyolingana. Lugha ya kompyuta imeundwa, ina wenyewe, ina nambari za matoleo. Lugha ya watu hukua kama mti, na maneno yake hufa kama majani bila mtu kutoa hati ya kifo. Hoja hii ni nzuri kwa Kisukuma. Ni nzuri kwa Kimvita na kwa Kitikuu. Kwa Kiswahili Sanifu haitoshi, kwa sababu Kiswahili Sanifu nacho kina wenyewe na kina matoleo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wake. Kamati ya Lugha ya Makoloni ya Afrika Mashariki ilianza kazi tarehe 1 Januari 1930, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza, na vitabu vya shule vilihitaji kibali chake. Toleo la kwanza kubwa lilikuwa kamusi ya mwaka 1939, iliyojengwa juu ya kazi ya A. C. Madan. Mwaka 1964 kamati ikageuka kuwa chuo cha uchunguzi ndani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1967 Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Mwaka 1981 ikatoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu, kisha matoleo yake ya 2004 na 2013, na mwaka 2015 Kamusi Kuu ya Baraza. Lugha yenye tarehe kama hizi haiwezi kujitetea kwa mfano wa mti.

Na tangu siku ya kwanza imekuwa ikiwang'atua watu bila kuwaambia. Msemaji wa Mombasa aliyekuwa akisema mato na mtele alikuta, kwa uamuzi uliofanyika mjini kwake mwenyewe, kwamba sanifu ni macho na mchele. Maneno yake hayakufa. Yalikwenda kuishi katika ushairi, na kamusi ikayapa alama ya ushairi au ya lahaja. Alama hiyo ndiyo jamaa wa karibu kabisa wa onyo la kung'atuka tulionao, na upungufu wake ni ule ule wa orodha za Fortran: inasomwa na mwenye kamusi, si na mwenye kuandika.

Ugumu umekuwa mkubwa zaidi katika istilahi mpya, na hakuna mfano mzuri kuliko jina la mashine yenyewe. Ngamizi ilipendekezwa Tanzania. Tarakilishi ikapata makazi katika vitabu vya Kenya. Kompyuta ikatembea kwa miguu yake na kuwapita wote wawili. Katika kamusi utayakuta majina zaidi ya moja, na mara nyingi huelezwi ni lipi lililong'atuka na ni lipi lililorithi. Machapisho ya istilahi, kama yale ya Tafsiri Sanifu ambayo Baraza lilianza kuyatoa mwaka 1974, yametusaidia sana kuzaa majina. Ila orodha ya aina hiyo, kwa asili yake, ni daftari la vizazi. Daftari la waliong'atuka ni kitu kingine.

Mwalimu mmoja wa shule ya sekondari huko Bariadi, aliyepata kuwa mwanafunzi wangu, alinipigia simu miaka kadhaa iliyopita akiwa na swali la namna hii. Baada ya kuniamkia na kuuliza habari za nyumbani alisema: "Profesa, kabatini nina vitabu vitatu. Kimoja kinasema ngamizi, kimoja tarakilishi, kimoja kompyuta. Vyote vina muhuri. Niandike lipi ubaoni?" Nilimwambia aandike kompyuta. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na mtoto akiandika ngamizi kwenye mtihani, nimkate?" Swali la kwanza ni la mwanaistilahi, na ni jepesi. La pili ni la haki. Mtoto huyo hakubuni neno. Alilipewa na kitabu kilichoidhinishwa, na hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba idhini ile imehama. Mtoto wa Dar es Salaam huokolewa na mtaa, kwa kuwa mtaani kila mtu anasema kompyuta. Mtoto ambaye Kiswahili chake kikubwa ni kile cha kitabuni ndiye anayebaki ameshika jina ambalo wenzake waliliacha zamani. Nilimjibu asimkate, bali aandike jina jipya pembeni, kwa wino wa rangi nyingine. Bila kujua, nilikuwa nimemwelekeza aandike onyo la kung'atuka.

5.0 Nani asikie, na kwa lugha gani

Limebaki jambo ambalo wenzetu wa kompyuta nao hawajalimaliza. Maonyo yao ni ya Kiingereza. Programu inayotafsiri Java huweza kutoa ujumbe wake kwa Kijapani na kwa Kichina. Kwa Kiswahili haitoi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na washirika kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, na wakati huo wengi wetu tuliona kwamba mlango umefunguka. Ulifunguka kwa mtumiaji. Kwa mwandishi wa programu ulibaki umefungwa, na mwandishi ndiye anayehitaji onyo. Kijana wa Maswa anayejifundisha Python hupewa taarifa ya msiba kwa lugha ambayo huisoma kwa shida, kuhusu jina alilolikariri jana.

Kazi ya kutafsiri maonyo hayo si kubwa kama inavyodhaniwa. Onyo la kung'atuka lina muundo unaojirudia: jina lililong'atuka, tangu lini, mrithi ni nani, litaondoka lini. Sentensi moja yenye nafasi nne za kujazwa inatosha kwa maelfu ya majina, na Kiswahili kinaibeba bila taabu: "getYear limeng'atuka tangu toleo la 1.1, tumia jina hili badala yake." Upatanisho wa ngeli nao hautusumbui, kwa kuwa chochote kinachotajwa ni jina, na jina ni la ngeli ya li-ya.

Katika orodha za kimataifa za lugha zinazotumiwa na kompyuta Kiswahili kimewahi kufanyiwa jambo hili hili. Kiswahili cha Kongo kilikuwa na alama yake, swc, yenye data zake za tarehe na namba. Mwaka 2015 hazina hiyo ya data iliihamisha chini ya alama ya Kiswahili kwa jumla, ikiwa tawi la nchi, na alama ya zamani ikaachwa ikielekeza kwenye mpya. Kwa upande wa utaratibu, ni kazi safi: hakuna programu ya Lubumbashi iliyolazimika kusimama. Kwa upande wa lugha nina shaka kama wasemaji wenyewe waliulizwa kwa kiwango kinachostahili, na shaka hiyo inanirudisha Mombasa mwaka 1928. Onyo zuri haliufanyi uamuzi kuwa mzuri. Linaufanya uonekane, na unaoonekana unaweza kupingwa.

Kwa hiyo ombi langu kwa watunzi wa kamusi na vitabu vya kiada, ambao baadhi yao wamo humu ukumbini, ni la kikazi. Toleo lijalo la kamusi yoyote sanifu lichapishwe pamoja na daftari la majina yaliyong'atuka tangu toleo lililotangulia, likitaja mrithi wa kila jina. Maneno yaliyobadilika maana bila kubadilika umbo, kama jimbo, yapewe alama yake peke yake, kwa sababu hayo ndiyo yanayodanganya. Daftari hilo lisikae nyuma ya kamusi tu. Liwe karatasi moja au mbili zinazoweza kubandikwa ndani ya jalada la kitabu cha zamani kilichomo kabatini, Bariadi au kwingineko, maana shule haitakitupa kitabu hicho na haina sababu ya kukitupa. Na wasahihishaji wa mitihani wapewe nakala ile ile, pamoja na maelekezo kwamba jina lililong'atuka hupewa alama zake zote mpaka mwaka utakaotajwa. Mwaka huo uwe wa mbali. Mimi ningependekeza usitajwe kabisa kwa maneno ya kawaida, na utajwe kwa istilahi tu, ila najua wenzangu wa istilahi wana haraka kuliko mimi.